Kisahani Tenge

Nikiwaambia watu wa kwetu Tororo kwamba nasomea Kiswahili chuo kikuu, wengine huniuliza kama nataka kuwa askari. Swali hilo lina historia yake. Kwa miaka mingi nchini Uganda lugha hii ilisikika zaidi kutoka vinywani mwa wanajeshi, na wazee wetu hawajasahau amri walizopewa kwa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini hofu ya zamani haiondoki kwa azimio. Mimi Kiswahili nilikipenda mahali pengine kabisa, katika gereji ya mjomba wangu kando ya barabara iendayo Malaba. Insha hii inahusu injini moja kuukuu iliyoletwa hapo, na jinsi kuieleza kwa maneno sahili kulivyomwokoa mtu asiye na hatia.

Gereji hiyo ina watu wa kila namna. Mafundi ni Wajopadhola, Waiteso na Wasamia. Madereva wengi hutoka Kenya. Na mwanagenzi wetu, kijana wa miaka kumi na minane hivi, alitoka Bukavu, Kongo. Hakuna lugha ya mama inayowatosha wote hao, kwa hiyo kazi hufanywa kwa Kiswahili. Wakati wa likizo kazi yangu ilikuwa kuandika daftari. Kila gari lililoingia niliandika namba yake, malalamiko ya mwenyewe, kazi iliyofanyika na malipo. Mjomba alikuwa na sharti moja: malalamiko yaandikwe kama mwenyewe alivyoyasema, kabla mtu yeyote hajafungua boneti.

Gari ninalolizungumzia lilikuwa Datsun 160J, mali ya mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kenya. Alilipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wa mahari. Hakuchoka kutukumbusha kwamba ni kwa Datsun 160J Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala, alishinda Safari Rally mwaka 1979 na 1980. Injini ya gari lake ilikuwa ile iitwayo L16, yenye silinda nne na ujazo wa sentimeta za ujazo 1,595. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na kichwa chake ni cha alumini. Kamshafti haikai chini ndani ya bloku kama katika injini nyingi za zamani, bali hulala juu kichwani, nayo huzungushwa na cheni ya safu mbili inayotoka kwenye krankshafti.

Ili msomaji afuate kisa hiki, sina budi kueleza jinsi petroli inavyofika kwenye kabureta ya injini kama hiyo. Magari ya siku hizi yana pampu ya umeme, aghalabu ndani ya tangi. Pampu ya Datsun hii haina umeme. Imefungwa kwa nati mbili ubavuni mwa kichwa cha injini, karibu na mbele, na ina mkono mfupi wa chuma unaoingia ndani kupitia tundu. Huko ndani, mbele ya kamshafti, bolti moja hushikilia vitu viwili: gurudumu la meno linalovutwa na cheni, na juu yake kisahani cha chuma ambacho tundu lake halikutobolewa katikati. Kamshafti ikizunguka, ukingo wa kisahani husogea nje na kurudi ndani, ukiusukuma mkono wa pampu na kuuachia. Mkono huvuta kiwambo cha mpira, kiwambo hunyonya petroli kutoka kwenye tangi, kisha springi hukirudisha kiwambo na petroli hupelekwa kwenye kabureta. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na pampu husukumwa mara moja. Ni mashine isiyo na siri. Inahitaji tu kila kitu kiwe mahali pake.

Mwalimu alifika gari lake likiwa linavutwa kwa kamba. Niliandika maneno yake hivi: “Injini ilichemka, kichwa kikapinda. Nilibadilishiwa kichwa huko kwetu. Tangu hapo petroli haipandi. Nimenunua pampu mpya mara mbili. Nimekuwa nikiendesha kwa chupa.” Kuendesha kwa chupa maana yake ni kufunga chupa ya petroli mahali pa juu kuliko kabureta, mpira ukatoka kwenye chupa hadi kwenye kabureta, petroli ikateremka yenyewe. Watu hufanya hivyo wakikwama, ingawa ni hatari, kwani chupa hiyo hukaa karibu na moto wa injini. Siku ile chupa ilikuwa imepasuka njiani.

Mjomba alimwagiza kijana afungue pampu, aisafishe na kuiweka juu ya meza, kisha yeye akaenda Mbale kutafuta vipuri vya lori. Kijana alifanya kama alivyoagizwa. Kesho yake alasiri, Mjomba akiwa bado hajarudi, Mwalimu alikuja pamoja na rafiki yake aliyekuwa anayafahamu magari ya zamani. Rafiki yule alimulika tochi katika tundu la pampu, akatazama kwa muda, akasema, “Hapa panatakiwa pawe na kisahani kinachosukuma pampu. Hakipo.”

Alisema kweli, na ukweli huo ndio uliozua balaa. Mwalimu aliuliza nani alikuwa amegusa injini. Wote tukamtazama kijana. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mbele ya gereji kila siku na mizani yao, kwa hiyo mtu hakuhitaji kufikiri sana ili kupata hadithi iliyokamilika: kisahani kimeibwa, kimeuzwa kwa kilo.

“Miye nilitosha pompe tu, baba,” kijana alisema.

“Ulitosha?” Mwalimu alifoka. “Ulitosha wapi? Unanichezea?”

Katika Kiswahili cha Kivu, kutosha ni kutoa kitu mahali kilipo. Kwetu sisi na kwa Mwalimu, kutosha ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Niliingilia kati, nikaeleza kwamba kijana anasema alitoa pampu tu. Rafiki ya Mwalimu akapiga makofi. “Basi amekiri kuwa alitoa! Aliyetoa pampu atashindwaje kutoa na kisahani?”

Hapo niliona jambo ambalo sikuwahi kufundishwa katika somo la tafsiri. Neno lilikuwa limetafsiriwa sawasawa, na mtu akazidi kuzama. Mwalimu alisema kisahani kisipopatikana kufikia kesho saa sita mchana, mambo yatakuwa ya polisi. Kijana hakujibu tena. Alikuwa hana ndugu mjini, na karatasi yake ya ukimbizi alitembea nayo mfukoni ikiwa imekunjwa mara nne. Usiku ule hakula.

Mjomba alirudi giza limeingia. Nilipomsimulia, nilitarajia amwite kijana amhoji. Hakumwita. Alisema, “Niletee daftari.” Alilisoma ukurasa ule mara mbili chini ya taa, akaenda mezani, akaichukua pampu, akaugeuza mkono wake kwenye mwanga. Kisha akasema tukalale.

Asubuhi Mwalimu alipofika na rafiki yake, Mjomba aliwawekea benchi mbele ya gari. “Mwalimu,” alisema, “wewe umesahihisha hesabu maisha yako yote. Mtoto akikosa jibu, hutazami njia aliyopitia? Naomba tuipitie njia, hatua kwa hatua. Ukiona nimeruka hatua, nisimamishe.”

Kwanza alichomoa waya wa plagi, akaushikilia kwa koleo la mpini wa mpira karibu na chuma, akamwambia fundi mmoja apige stata. Cheche ikaruka. Umeme upo. Kisha alituonyesha kidirisha cha kioo kilicho ubavuni mwa kabureta, ambacho huonyesha kiasi cha petroli kilichomo. Kilikuwa kikavu. Akamimina petroli kidogo kwenye kabureta, injini ikawaka, ikanguruma vizuri kwa muda mfupi, ikazima. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali: injini ni nzima, ina njaa tu.

Hatua ya tatu, alichukua mpira unaotoka kwenye tangi, akaunyonya kidogo na kuuinamisha. Petroli ikatoka bila kukatika. Tangi na bomba havina tatizo. Hatua ya nne ilikuwa pampu yenyewe. Aliunganisha mpira mmoja kwenye dumu la petroli, akausukuma mkono wa pampu kwa kidole gumba mara kadhaa, na petroli ikaruka kwenye mpira wa pili. Pampu ni nzima. Akawauliza: “Petroli ipo, bomba liko wazi, pampu inafanya kazi. Kinachokosekana ni nini?”

“Kitu cha kuisukuma,” Mwalimu alijibu.

“Na kitu cha kuisukuma kinaweza kukosekana kwa njia mbili. Ama kamshafti haizunguki, ama inazunguka lakini haina kisahani.” Akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaweka spana kwenye bolti ya puli ya mbele na kuizungusha injini kwa mkono, polepole. Kupitia tundu la oili tuliona kamshafti ikigeuka. Cheni haikukatika. Kisha akaweka kijiti laini katika tundu la pampu, akakishika kwa vidole viwili, akamwomba rafiki ya Mwalimu aizungushe injini mizunguko miwili kamili. Kama kisahani kingekuwepo, kijiti kingesukumwa mara moja. Hakikutikisika.

“Ndiyo niliyosema jana,” alisema rafiki yule.

“Na ulisema kweli,” Mjomba akamjibu. “Hakipo. Umejua kisichokuwepo. Bado hujajua kimeondoka lini.”

Ndipo akamwambia aingize mkono kwenye tundu la pampu. Viliingia vidole viwili. Bolti inayoshika kisahani inatazama mbele ya injini, ilhali tundu liko ubavuni; hakuna spana inayoweza kuifikia kupitia hapo. Mtu anayetaka kukitoa kisahani lazima afungue kwanza kifuniko cha tapeti kilicho juu ya kichwa. Tukakitazama kifuniko. Gundi ya gasketi ilikuwa imekauka kuuzunguka ukingo wote, na vumbi lililochanganyika na oili lilikuwa limeganda juu yake bila ufa hata mmoja. Mjomba alilazimika kukigonga kwa kipande cha mti ndipo kikaachia.

Chini yake, mahali pa kisahani, palikuwa na washa nene ya duara, tundu lake katikati kabisa. Juu ya washa na juu ya kichwa cha bolti palikuwa na utando wa oili iliyoungua, wenye rangi ya chai ya rangi, sawasawa kote. Bolti hiyo haikuwa imeguswa na spana kwa siku nyingi. Zipo injini za jamii ya L zilizotengenezwa kutumia pampu ya umeme. Hizo hazihitaji kisahani, basi hufungwa washa badala yake, na tundu la pampu huzibwa kwa kibati. Kichwa alichouziwa Mwalimu kilitoka kwenye injini ya namna hiyo. Aliyekifunga alitoa kibati, akaweka pampu, akaamini kwamba kila kilicho nje kina mwenzake ndani.

Mjomba alibakiza ushahidi mmoja wa mwisho. Alimpa Mwalimu ile pampu, akamwambia apapase ncha ya mkono wake. Sehemu hiyo husuguana na kisahani kila injini inapozunguka, na hata baada ya kazi ya siku chache huanza kung'aa na kuacha alama. Ncha ya pampu ile ilikuwa kama ilivyotoka kwenye boksi. Mwalimu alikuwa ameendesha nayo kwa chupa kabla ya kuja kwetu, na kwa muda wote huo haikuwa imeguswa na kitu.

Mwalimu alikaa kimya. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amekwisha kupita kituo cha polisi asubuhi ile na kutoa taarifa.

Hapo kazi ikanifikia mimi. Mjomba alisema, “Mwanangu, andika ukurasa mmoja. Andika kwa Kiswahili ambacho Mwalimu atakisoma, na polisi atakisoma, na kijana huyu atakisoma, na wote waelewe kitu kimoja.” Nilikaa na kalamu. Nilijua jinsi ya kuandika insha juu ya fasihi simulizi, lakini sikuwa na jina la kisahani kile. Mafundi wengine walikiita “kamu ya pampu”, wengine “kile kidude”. Neno la kukopa lingempita polisi bila kumgusa, na kidude hakiwezi kumtetea mtu. Mjomba aliona nimekwama. Akachukua kifuniko cha ndoo ya rangi, akakitoboa kwa msumari karibu na ukingo, akakizungusha mbele yangu. “Unaona kinavyokwenda?”

“Kinakwenda tenge,” nilisema.

“Basi andika hivyo.”

Nikaandika: kisahani tenge. Nikaeleza kwamba kisahani tenge ni duara la chuma ambalo tundu lake liko kando, na kwa sababu hiyo husukuma na kuachia kinapozunguka. Kwamba gari lilifika gerejini likivutwa, na malalamiko yaliyoandikwa siku hiyo ni kwamba petroli haipandi tangu kichwa kibadilishwe. Kwamba kisahani hakiwezi kutolewa bila kufungua kifuniko cha tapeti, na kifuniko kilikutwa kimeganda. Kwamba pampu haikuwa na alama ya kusuguliwa. Sikuandika kwamba kijana ni mwaminifu. Sikuandika kwamba ni mkimbizi wala yatima. Niliona kwamba huruma ingempa polisi nafasi ya kuchagua, na mimi sikutaka achague. Nilitaka aone.

Mwalimu aliusoma ukurasa ule mara mbili, akaomba kalamu, akatia sahihi yake chini bila kuombwa. Akaenda nao kituoni mwenyewe. Aliporudi hakusema samahani. Alimwendea kijana, ambaye hadi siku ile alikuwa akimwita “yule Mkongo”, akamwuliza jina lake, akalirudia polepole mpaka akalitamka vizuri.

Kisahani kilipatikana baada ya siku tano kwenye injini mbovu ya L huko Mbale. Mjomba alimwachia kijana kazi ya kukifunga, yeye akasimama nyuma yake. Kijana aliizungusha injini hadi pistoni ya kwanza ikafika juu katika mshindo wake wa kubana, akatia alama ya rangi kwenye cheni na kwenye gurudumu la meno, kisha akashindilia kabari ya mti katikati ya pande mbili za cheni. Kabari hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana: gurudumu likiteleza na cheni ikalegea, kikaza cheni kilichomo chini kinaweza kuchomoka, na kukirudisha ni kufungua mbele yote ya injini. Alifungua bolti, akatoa washa, akaweka kisahani, akakaza, akachomoa kabari. Alirudia jaribio la kijiti kabla ya kufunga pampu. Safari hii kijiti kilisukumwa, mara moja katika kila mizunguko miwili. Pampu ikafungwa, stata ikapigwa, na petroli ikapanda kwenye kile kidirisha cha kioo mbele ya macho ya Mwalimu.

Muhula uliofuata tulijadili darasani uundaji wa istilahi. Wenzangu walitoa hoja nzuri kuhusu kukopa na kutohoa, na mimi sina ugomvi na maneno ya kukopa. Bila kabureta na kamshafti nisingeweza kuandika insha hii. Nilichosema ni kwamba istilahi ipimwe pia kwa swali hili: mtu asiye fundi akiisikia, je, ataweza kuitumia kujitetea?

Daftari la gereji sasa lina safu mpya, ambamo huandikwa kila gari lilivyokutwa lilipofika. Nisipokuwepo, kijana ndiye anayeijaza. Huandika “kutosha” pale anapomaanisha kutoa: “Tumetosha kabureta”, “Tumetosha gasketi ya zamani.” Sijawahi kulisahihisha neno hilo. Gerejini hakuna tena asiyejua maana yake.